Kilo Zisizorudi: Utangulizi

Huenda umefungua kitabu hiki kwa sababu unasomea lishe, au kwa sababu daktari ameitazama mizani ukiwa juu yake akatikisa kichwa. Nyote wawili nawapokea kwa swali moja, lile linaloisumbua fani hii kuliko mengine yote: kwa nini watu wengi wanaweza kupungua, lakini wachache tu hubaki walipopungukia?

Tuanzie Minnesota, Marekani, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni. Mwanafiziolojia Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri zao, wakakubali kuitumikia sayansi. Kwa wiki 24 walilishwa karibu nusu ya walichozoea, na kila wiki walitakiwa kutembea kilomita 35 hivi. Wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Ripoti yake, mabuku mawili mazito, ilitoka mwaka 1950, nami kila ninapoirudia sikai sana kwenye majedwali ya kilo. Nakaa kwenye vijana wenyewe. Walilamba sahani. Waliota chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi, ilhali awali hawakuwa na habari na jiko. Mapigo ya moyo yalishuka, baridi ikawaingia hata siku za joto. Na walipofunguliwa kula, walikula wasishibe, na mafuta yakarudi mwilini hadi kupita kiwango cha mwanzo.

Hilo ndilo somo la kwanza la fani yetu, na nataka ulishike kwa upole: mwili haujui kwamba umeamua kupungua. Unachojua ni kwamba njaa imeingia, basi unajihami. Anayeshindwa na njaa ya namna hiyo asiitwe mvivu wala mlafi.

Kutokana na hayo, sisi wataalamu tulihubiri kwa miaka mingi kwamba haraka haraka haina baraka: apunguaye taratibu hatanenepa tena. Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo yaliyotufanya tujiulize upya. Walichukua watu wazima wanene 204, kundi moja likapungua kwa wiki 12, jingine kwa wiki 36. Baada ya miaka mitatu makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha karibu asilimia 71 ya uzito uliopotea. Kwa hiyo kasi peke yake si kinga. Mimi bado natetea mwendo wa taratibu, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kwa sababu nyingine: ndio mwendo unaompa mtu nafasi ya kujifunza kupika, kununua na kutembea kwa namna atakayoendelea nayo uzeeni. Lishe ya mwezi mmoja ina tarehe ya kwisha, na tarehe hiyo ikifika, kilo nazo huanza kurejea.

Je, mazoezi? Hapa jibu lilitoka kwetu, Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe huwinda, huchimba mizizi, na hutembea kilomita nyingi kila siku. Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha maji yaliyotiwa alama ya kikemia, kisha kwa siku kadhaa wakapima mkojo ili kujua kila mwili unachoma nishati kiasi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa miili yao, Wahadzabe hawachomi nishati nyingi zaidi kwa siku kuliko mfanyakazi wa ofisini wa Marekani. Inaelekea mwili unaobebeshwa kazi nyingi hubana matumizi kwingineko. Tafadhali usivitupe viatu vyako vya mazoezi. Kutembea kunalinda moyo na misuli na kunadhibiti sukari ya damu, nako kunasaidia sana kuzuia kilo zisirudi. Ila kitambi kilichofinyangwa jikoni huanza kupunguzwa jikoni.

Na jikoni tusogee karibu zaidi. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi, yaani kalori 16. Anayetia vijiko vitatu kikombeni na kunywa vikombe vinne kwa siku, amekunywa kalori 190 bila kutafuna kitu. Akishuka hadi vijiko viwili, akakaa hapo mwezi, kisha kimoja, ulimi wenyewe utazoea, na baadaye chai ya zamani itamkera kwa utamu.

Mabadiliko madogo yana nguvu kubwa kuliko yanavyoonekana. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokaribia kupata kisukari walilengewa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata ugonjwa huo ilishuka kwa asilimia 58, zaidi kuliko ya waliopewa dawa ya metformin, ambao yao ilishuka kwa asilimia 31.

Kuna jambo ambalo maabara haziligusi vya kutosha. Mama mmoja niliyemhudumia alipungua kilo sita kwa miezi saba, shinikizo la damu likatulia. Msibani, shangazi yake akamshika mkono: "Mwanangu, umekwisha hivi, unaumwa nini?" Wiki iliyofuata alirudia maandazi mawili asubuhi. Kwetu kunawiri ni kujaa, na kukonda kumebeba hofu ya maradhi. Ndiyo maana sura nzima nimeitengea familia, wageni na sahani tunazoongezewa kwa mapenzi.

Kabla hujaingia sura ya kwanza, nakuomba jambo moja. Ukifungua chupa mpya ya mafuta ya kupikia, andika juu yake tarehe, na idadi ya wanaokula kutoka jiko hilo. Chupa ikiisha, andika tarehe ya pili. Njoo nayo, tutaanzia hapo.