Je, Wajua? Vitamini Inayoogopa Jua

Mkojo wa njano kali baada ya kumeza vidonge vya vitamini huwashtua wengi. Si ugonjwa: ni riboflavini, yaani vitamini B2, ambayo rangi yake ya asili ni njano. Mwili huweka akiba ndogo tu. Ziada huchujwa na figo.

Inayobaki haikai bure. Ndani ya seli hugeuzwa kuwa FMN na FAD, visaidizi vya vimeng'enya vinavyouwezesha mwili kupata nguvu kutoka kwenye wanga, mafuta na protini. Mwanamume mzima huhitaji takriban miligramu 1.3 kwa siku, mwanamke 1.1, mjamzito 1.4. Ikipungua kwa muda mrefu, pembe za mdomo hupasuka na ulimi huvimba.

Moto haiuogopi sana. Adui yake ni mwanga. Maziwa yaliyochemshwa hubaki na sehemu kubwa ya riboflavini, lakini yakiachwa juani kwenye chupa inayopitisha mwanga, hupoteza nyingi ndani ya saa chache, na ladha nayo huharibika. Ndiyo maana pakiti isiyoonyesha ndani si urembo tu.

Asiyepatana na maziwa ana mayai, mboga za majani na maini. Haya ya mwisho yanaongoza kwa mbali.