Muhogo Mchungu na Miguu ya Watoto Wetu

Ndugu wanachama, katika barua hii twaacha kidogo habari za majamvi na bei, tuzungumze habari za jikoni. Msimu wa kuchuma unapofika kila mwenye mikono yuko mkarafuuni, na anayebaki kupika hupika kwa haraka. Muhogo hung'olewa asubuhi ukaliwa jioni, na kesho hivyo hivyo, na mara nyingi hauna kitoweo. Wengi wetu twaona maadamu tumbo limejaa basi. Lakini chakula cha kila siku kina hesabu yake ya mbele, na wako wenzetu wa bara walioilipa kwa miguu yao.

Mwaka 1985 ukame uliwashika watu wa wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, upande wa Ziwa Victoria. Nafaka zilikauka, ukabaki muhogo mchungu, kwani huo hustahimili jua. Ndipo yakatokea mambo ya kushangaza. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa, hawezi kuikunja wala kuinuka bila fimbo. Waganga waliopita vijijini waliwahesabu wagonjwa 39, na wengi wao walikuwa watoto na wanawake. Ugonjwa huu huitwa konzo, jina lililotoka kwa watu wa Kongo, ambako daktari mmoja aliuandika habari zake mwaka 1938. Hauui, wala hauzidi siku kwa siku. Lakini miguu iliyokwisha kukakamaa hairudi kama zamani, na dawa ya kuirudisha haipo.

Sababu yake ni hii. Ndani ya muhogo, hasa ule mchungu, mna kitu ambacho mzizi ukikatwa au ukipondwa hugeuka kuwa sumu iitwayo sianidi. Mkulima hana haja ya kuogopa, kwani sumu hiyo ni nyepesi, hupotea hewani na majini ikipewa muda. Tatizo ni muda. Njaa ikiingia nyumbani, siku nne za kungoja huwa mbili, na mbili huwa moja. Tena ukame wenyewe huzidisha sumu mzizini, basi mwaka unaotaka subira nyingi ndio mwaka ambao watu hawana subira.

Jambo la pili ni kitoweo. Mwili wa mtu huweza kuivunja sianidi kidogo kidogo, lakini hufanya kazi hiyo kwa kiberiti (si kile cha kuwashia moto, bali madini yaliyomo katika samaki, mayai, nyama na kunde). Anayekula muhogo mtupu mwezi mzima, mwili wake hauna cha kupigania. Ndiyo maana nyumba mbili zaweza kula muhogo wa shamba moja, moja ikapatwa na nyingine ikasalimika.

Mwenzetu mmoja aliyekaa Mugeta, katika wilaya ya Bunda huko huko Mara, alitueleza jinsi akina mama wa kule wanavyotengeneza udaga, nasi twaona yafaa tuieleze hapa. Muhogo humenywa, ukaanikwa kidogo, kisha hurundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka ulainike na kuota ukungu. Ukungu hukwanguliwa, muhogo ukavunjwavunjwa, ukaanikwa mpaka ukauke kabisa, ndipo ukasagwa, na unga huchanganywa na wa mtama au ulezi. Mgeni akiona ule ukungu hudhani ni uchafu. Kumbe ule uvundikaji ndio unaolainisha muhogo na kuifungulia sumu njia ya kutoka. Makopa yetu sisi, yaliyokatwa na kuanikwa tu bila kuvundikwa, hubaki na sumu zaidi kama mbegu yake ni chungu.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Ziwa peke yake. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambalo ni pwani kama sisi, waliugua watu zaidi ya 1,000, na hofu ya kwanza ilikuwa polio. Mtwara na Mbinga yalitokea tena kati ya 2001 na 2003. Na huko Nijeria waganga waliona tangu miaka ya 1960 ugonjwa mwingine, wa polepole, uliowapata watu wazima waliokula muhogo miaka mingi bila kubadili: nyayo kufa ganzi, kuyumba wakitembea, macho na masikio kupungua nguvu.

Kisiwani kwetu muhogo mwingi ni mtamu, nao ukichemshwa vyema hauna neno. Kisamvu nacho kikitwangwa sana na kuchemshwa kwa muda mrefu hakina neno. Ila ziko mbegu chungu mashambani, zapendwa kwa kuwa ngedere na nguruwe hawazigusi, na mara nyingi ndizo zinazosagwa unga wa bada. Kwa unga huo iko njia nyepesi iliyofundishwa Mtwara baada ya maafa yale. Changanya unga na maji mpaka ulowe, utandaze juu ya jamvi au sinia, unene usizidi sentimeta moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike siku ile ile. Hauna gharama, ila utaondoka jamvi moja katika kazi ya karafuu, nalo liwe safi.

Mwanachama mwenye mbegu chungu shambani tafadhali amwarifu karani wa tawi lake kabla ya msimu kuanza, ili bwana shamba apite kuitazama. Nao watakaopikia wachumaji makambini waombe dagaa na choroko mapema, maana bei zake hupanda kila mwaka mara wachumaji wanapowasili.