Mwanafunzi wa Lumemo na Somo la Kompyuta

Mto Lumemo huteremka kutoka milima ya Udzungwa, hupita ubavuni mwa mji wa Ifakara, kisha hujimwaga katika bonde la Kilombero. Na kata iliyopewa jina la mto huo ni nchi ya mpunga na baiskeli, ambako kila alfajiri vijana wa sekondari, wamevaa sare na kufunga madaftari kwenye keria, hupishana njiani na wakulima waendao shamba. Katika ratiba ya vijana hao, pamoja na hisabati, baiolojia na Kiswahili, siku hizi yaweza kuwamo somo la kompyuta, ambalo wengi wa wazazi wao hawakulisoma wala hawakudhani kuwa watoto wao watalisoma.

Chombo chenyewe si kigeni nchini kama wengi wanavyodhani. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Hazina mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu za serikali; lakini mwaka 1974, baada ya chombo hicho kuonekana kuwa mzigo wa gharama na chanzo cha hesabu zilizovurugika, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kwa miaka mingi mashine hizo zikawa jambo la ofisi chache zilizopata idhini maalumu. Marufuku ilipolegea, elimu nayo ikafuata kwa mwendo wake wa taratibu: muhtasari wa somo la kompyuta kwa shule za sekondari ulitolewa mwaka 1997, na leo Baraza la Mitihani hulitahini somo hilo kwa wahitimu wa kidato cha nne, kwa nadharia na kwa vitendo.

Bonde la Kilombero lenyewe lina habari yake katika historia hii. Mjini Ifakara ipo Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza katika miaka ya 1950 kama maabara ndogo chini ya Rudolf Geigy, mtaalamu wa Basel, Uswisi. Tangu mwaka 1996 watumishi wake wamekuwa wakizuru kaya za Kilombero na Ulanga mara kwa mara, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, na habari zote hizo zikaingizwa katika hifadhidata ya kompyuta. Ni kwa hesabu za namna hiyo wataalamu waliweza kutangaza, mwaka 2001, kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kwa asilimia 27 kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Basi mwanafunzi wa Lumemo ambaye usiku hulala ndani ya chandarua, na asubuhi huingia darasani kujifunza maana ya hifadhidata, asidhani kuwa anafundishwa jambo la ng'ambo lisilomhusu; yamkini mama yake amewahi kuulizwa maswali mlangoni pake, na majibu yake yakawa sehemu ya elimu iliyosomwa ulimwenguni.

Je, kijana huyo hujifunza nini hasa? Huanza kwa kutambua viungo vya mashine: kiwambo, kicharazio, kipanya, bongo inayofanya hesabu na hifadhi inayotunza kumbukumbu. Kisha hufundishwa kwamba mashine hiyo, pamoja na sifa zake zote, haijui ila tarakimu mbili, sifuri na moja, na kwamba kila neno, picha na sauti hugeuzwa kuwa safu ya tarakimu hizo. Mathalani, hesabu yetu ya 13 huandikwa 1101, maana yake nane moja, nne moja, mbili hakuna, na moja moja. Na mwanafunzi anayelifahamu jambo hilo ubaoni, kabla hajagusa kitufe chochote, huwa ameondokewa na ile hofu ya kudhani kuwa kompyuta ni uganga.

Baadaye huja kazi ya vidole. Vidole vinne vya mkono wa kushoto huwekwa juu ya herufi A, S, D na F, na vya mkono wa kulia huanzia J. Na kwenye F na J pana vinundu vidogo, ili mchapaji ajue mahali pake pasipo kutazama chini. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na fahari, na mwalimu hulazimika kuwakanya wanaodonoa kwa kidole kimoja. Kisha huja barua, majedwali ya hesabu, hifadhidata, mitandao, na hatimaye uandishi wa programu. Katika yote hayo, majedwali ndiyo yaliyo karibu zaidi na maisha ya nyumbani: tuseme kaya imelipa trekta, imelipa palizi, imelipa wavunaji na gari la kubebea magunia, gharama hizo zikipangwa katika safu, na mavuno na bei katika safu nyingine, mwanafunzi huweza kumwonyesha baba yake kama msimu ulileta faida au hasara, na akibadili bei ya gunia moja, jumla zote hujibadili zenyewe papo hapo.

Hata hivyo, ugumu wa somo hili haumo katika mambo hayo, maana kijana wa kawaida mwenye bidii huyaelewa. Ugumu umo katika wasaa. Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 40 na kompyuta 10 zilizo nzima, jambo ambalo kwa shule nyingi za kata lingehesabiwa kuwa neema. Wanafunzi wanne huizunguka mashine moja. Vipindi viwili vya dakika 40 vikiungwa pamoja kwa wiki, kila mmoja hupata dakika 20 za kushika kicharazio. Mwaka wa masomo ukiwa na wiki 38, na pasiwepo ugonjwa, sikukuu wala mtihani wa kukatiza, jumla ya dakika zake zote haitimii saa 13. Fundi cherehani gani angemwita mwanafunzi wake fundi kwa saa 13 za kukanyaga cherehani?

Na dakika hizo chache zina maadui wengi. Joto la Ifakara ni la bonde, zito na lenye unyevu. Kiangazi vumbi huingia katika mashine, na panya hawabagui waya. Umeme nao ukikatika katikati ya kipindi, waliokuwa wakingojea zamu huwa wamekosa zamu yao ya wiki hiyo. Hili lina ajabu yake, kwa kuwa pembezoni mwa bonde hili ndipo yalipo mabwawa ya Kidatu na Kihansi, la kwanza lenye megawati 204 na la pili megawati 180, ambayo kwa miaka mingi yameitilia nguvu gridi ya taifa; na maji ya Kilombero yenyewe, yakishafika Rufiji, huzungusha mitambo ya bwawa la Julius Nyerere. Bonde linaloangaza nchi lastahili taa isiyozimika katika chumba cha kompyuta.

Wako wanaosema kwamba simu janja zimemaliza tatizo, kwa kuwa kijana hata wa kijijini ameishazoea kugusa kiwambo. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Simu imemwondolea mtoto woga, imemjulisha ujumbe, picha, na njia ya kutuma na kupokea fedha. Lakini haimfundishi kupanga jedwali la safu ishirini, wala kuandika barua ndefu iliyonyooka, wala kuamrisha mashine ifanye jambo ambalo hakuna mtu aliyeiandalia kabla. Fauka ya hayo, simu nyumbani aghalabu ni ya mzazi au kaka, na shuleni haziruhusiwi. Lugha nayo ni kizuizi: amri nyingi za kompyuta huandikwa Kiingereza, ingawa mwaka 2004 ilitolewa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilidhihirisha kwamba kikwazo hicho chaweza kuondolewa, nia ikiwapo.

Lakini anayetaka kujua wasaa wa mwanafunzi unakwenda wapi, sharti amfuate nje ya darasa. Kijana huamka saa 11 alfajiri, hufagia uwanja, huchota maji, hula kiporo au uji, kisha hushika njia. Jioni hurudi kwenye kazi nyingine za nyumbani, na masomo ya kujirudia huanza wakati mwili umeshachoka. Mpunga unapotoa masuke, familia nyingi za bonde huhamia mashambani, mbali na mji, wakakaa katika madungu kuamia ndege na kuwafukuza nguruwe mwitu. Mtoto huachwa mjini kwa bibi, au humfuata mzazi mwisho wa wiki, au katika siku mbaya huikosa shule kabisa. Msichana ana taksiri ya ziada asiyoitenda: hapo nyumbani kazi ya jikoni humwita yeye kwanza, na hapo shuleni, wanne wanapoizunguka mashine moja, mara nyingi mvulana hutangulia kukamata kipanya naye akabakia mtazamaji na mwandishi wa daftari.

Hapo ndipo ilipo kazi ya watu wazima. Tukingoja mashine mpya tu, tutangoja sana. Ilhali mengi yanaweza kufanywa kwa mashine zilizopo. Mwalimu na aweke zamu iliyoandikwa, dakika kwa dakika, na zamu ya msichana iheshimiwe kama deni. Chumba cha kompyuta kifunguliwe alasiri na Jumamosi chini ya msimamizi, kwa sababu mashine iliyofungiwa kwa ajili ya usalama haiharibiki wala haifundishi. Kamati ya shule iiweke gharama ya umeme na ya kufuta vumbi katika bajeti kabla ya sherehe. Wazazi nao, ambao tangu mwaka 2016 wameondolewa ada hadi kidato cha nne, wamlipe mtoto kwa sarafu ya aina nyingine: saa mbili za Jumamosi zisizoguswa na palizi wala kuni.

Mgeni akitembelea shule akaonyeshwa chumba kizuri chenye kompyuta zilizofunikwa vitambaa, asiridhike kwa kuzihesabu. Na aulize kila mwanafunzi, msichana kwa mvulana, alizigusa kwa muda gani wiki iliyopita. Jibu la swali hilo ndilo ripoti ya kweli ya somo la kompyuta, katika Lumemo na popote pengine.