Umbali Si Muda

Miongoni mwa makosa yanayojitokeza mara kwa mara katika masomo yetu ni kudhani kwamba umbali na muda ni kitu kimoja. Mwanafunzi hupewa kilomita na mwendo wa chombo, akagawanya, akapata saa, na hesabu ikaishia hapo.

Natoa mfano. Tarehe 28 Oktoba 2018, shirika la Kenya Airways lilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, masafa ya kilomita zipatazo 11,800. Ndege huchukua yapata saa 15 kulivuka bara letu na bahari ya Atlantiki. Tuseme imeondoka Nairobi saa sita usiku, mwezi wa Januari. Itatua New York saa moja asubuhi ya huko. Asiyefunzwa atasema safari ilikuwa ya saa saba. Je, zile saa nane zimekwenda wapi? Hazikupotea. Ndiyo tofauti ya saa baina ya miji hiyo miwili, maana jua hutuchomozea sisi kabla yao.

Isitoshe, kwenda na kurudi havilingani. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini huvuma upepo mkali utokao magharibi kuelekea mashariki. Ndiyo sababu ndege itokayo London hufika New York kwa takriban saa nane, ilhali kurudi ni saa saba hivi. Mwezi wa Februari 2020 dhoruba iliuzidisha upepo huo, na ndege moja ya British Airways ikatoka New York hadi London kwa muda usiotimia saa tano. Umbali haukupungua hata shubiri.

Haya ni mageni kwetu? Hasha! Manahodha wa pwani waliyajua zamani. Upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, uliyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Wa kusi ukayarudisha. Aliyekosa msimu alingoja miezi kadhaa, ingawa bahari ilikuwa ile ile. Hata sisi wakazi wa Makadara hatuulizani mjini ni kilomita ngapi. Twauliza Barabara ya Jogoo ikoje, kwani mwendo wa dakika chache alfajiri waweza kula saa nzima magari yakisongamana.

Ndiposa sikubaliani na wale wasemao kwamba Kiswahili hakifai kufundishia Jiografia na Hisabati. Lugha hii hupambanua umbali, mwendo, muda na majira bila taabu. Mtoto aliyekwama ndani ya matatu tayari analo nusu ya somo. Aghalabu anachokosa ni kuelezwa kwa maneno anayoyajua.

Walimu wenzangu, kabla ya kuandika kanuni ubaoni, na tuwaulize wanafunzi maswali matatu: Ni mbali kiasi gani? Njiani kuna upepo gani? Na huko tuendako, sasa ni saa ngapi?