WhatsApp Ikikwama Griftu, Kuna Meli Inatafutwa: Stori ya Kebo za Baharini na Stempu Zake

Jumapili, Mei 12, 2024. Chukulia uko Griftu, jua linawaka vile huwaka, una bundles za kutosha na bado WhatsApp inazunguka tu. Picha ya ngamia uliyomtumia mnunuzi Eastleigh imekwama na tiki moja. Unazima data, unawasha. Unatembea hadi pale karibu na booster ndio ukuwe sure. Network imejaa. Net ndio haipo.

Wasee wengi walitusi kampuni yao ya simu siku hiyo. Lakini shida ilikuwa kwa sakafu ya bahari, huko pande za Durban, Afrika Kusini. Kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika. Na hiyo si kazi ya fundi wa kupanda mlingoti. Hiyo inataka meli.

Meli yenyewe inaitwa Léon Thévenin. Ni ya Orange Marine ya Ufaransa, iliundwa 1983, na kituo chake ni Cape Town, ambapo inakaa ikingoja kebo ikatike. Jina ni la injinia wa telegrafu wa Ufaransa. Kama ulisomea mambo ya stima chuo, ndiye huyo huyo Thévenin alikutoa jasho kwa CAT.

Sasa Durban na Griftu zinaingilianaje? Picha yako ya ngamia inatoka kwa booster, inashika faiba ya ardhini, inashuka nchi yote hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 600 kutoka Griftu. Hapo inaingia baharini kutafuta kompyuta za WhatsApp, na hata kama mnunuzi yuko Eastleigh, meseji inaweza kuzunguka huko nje kwanza. Kutoka Mombasa kuna njia za kaskazini, kupitia Bahari ya Shamu, na za kusini. Februari 2024 kebo tatu zilikatika Bahari ya Shamu. Inaaminika ni nanga ya Rubymar, meli ya mizigo iliyopigwa kombora na Wahuthi ikaachwa ikielea huku ikiburura nanga chini. Kwa hivyo mzigo mwingi ukahamia kusini. Halafu kusini nako kukakatika. Ni kama vile Mto Tana hufurika ukala barabara pale Madogo: magari ya Garissa hayajaharibika, ni njia ndio haiko.

Mimi hizi meli nilizijulia kwa stempu. Ndio, stempu za posta, zile za kulamba. Kuna kisiwa kidogo katikati ya Atlantiki kinaitwa Ascension, na mwaka 1979 posta yao ilitoa stempu za kukumbuka miaka 80 tangu kampuni ya Eastern Telegraph ifike huko na kebo. Moja iko na meli inaitwa Anglia, ndiyo ililaza hiyo kebo 1899. Kuna pia Great Eastern, hiyo sasa ni celeb wa stempu, nchi kibao zimeichora. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za 1935 ziliweka jahazi la Ziwa Victoria. Poa, jahazi ni rembo. Lakini meli iliyobadilisha maisha ya hii pwani haikuwa na tanga.

Great Eastern ilikuwa na urefu wa mita 211, na wakati wake hakukuwa na meli kubwa kuiliko. Ilijengwa kubeba abiria, ikapiga hasara noma, ikageuzwa kuwa ya kulaza waya. Mwaka 1866 ikaunganisha Ulaya na Marekani kwa kebo iliyodumu. Meseji ya kwanza kwanza ilikuwa inaenda kama maneno 8 kwa dakika, na maneno 20 yalikuwa pauni 20. Hebu fikiria ukilipa hivyo halafu uandike "niaje, uko?" Mwaka 1870 ikapakwa rangi nyeupe juu ya joto, ikalaza kebo kutoka Bombay hadi Aden. Na Aden ndiko waya wetu ulitoka.

Hapa stori inakuwa na damu. Januari 22, 1879, jeshi la Waingereza lilichapwa vibaya na Wazulu pale Isandlwana. London ilipata habari Februari 11, karibu wiki tatu baadaye, kwa sababu hakukuwa na kebo ya kufika kusini mwa Afrika. Serikali ikashtuka. Kabla huo mwaka uishe, waya ulikuwa umelazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, ukashuka Msumbiji, ukafika Durban. Hakuna mtu alikuwa na haraka ya kutujulia hali. Walitaka jeshi lisikie amri haraka. Mombasa iliungwa na Zanzibar 1890. Ukienda Shangani, Unguja, ile hoteli ya Serena iko ndani ya jengo lililokuwa la hao watu wa kebo.

Hata neno "simu" limetoka hapo. Ni la Kiajemi, maana yake waya. Babu akisema "nimepigiwa simu" zamani, alimaanisha karatasi ya telegramu. Ile ya kuongea iliitwa simu ya mdomo. Wazee wa Kisomali nao walikuwa na lao, taar, na pia hiyo ni waya.

Wajir, Waingereza waliweka kituo chao 1912. Wakaanzisha huko klabu yao wakaiita Royal Wajir Yacht Club. Klabu ya mashua, jangwani. Utani wa maofisa waliokuwa bored, lakini kila nikiiskia nafikiria: meli za kweli zilikuja kufika Wajir, ni vile tu zilifika kwa njia ya waya.

Kazi yenyewe bado ni ile ya kwenye stempu. Ndani ya meli kuna matangi makubwa ya duara, na kebo inazungushwa humo kwa mkono, mzunguko juu ya mzunguko, bila kujifunga. Meli inaenda polepole ikiiachilia nyuma. Ikivutwa sana inakatika. Ikilegea sana inajikunja chini. Zamani ndani ilikuwa shaba iliyofunikwa utomvu wa miti ya Malaya, kwa nje nyaya za chuma. Siku hizi ni nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, na kwenye kina kirefu kebo nzima haishindi unene wa mpira wa kumwagilia shamba. Ndani ya huo mpira ndio Kenya mzima inascroll.

Ikikatika, mafundi wa nchi kavu wanatuma mwanga ndani ya kebo. Mwanga unagonga pale palipokatika, unarudi, na ule muda umechukua unawaambia ni kilomita ngapi. Meli inaenda hapo, inashusha ndoano ya chuma, inaburuta sakafu ya bahari mpaka inase kebo. Inavuta ncha moja juu, inaifunga kwa boya, inaenda kutafuta ya pili. Halafu mtu anakaa ndani ya chumba safi akiunganisha nyuzi moja moja huku meli inayumba. Kuvua na ndoano ni mbinu ya kitambo: Great Eastern ilitoa kebo iliyokatika 1865 kutoka karibu kilomita 4 chini, mwaka uliofuata.

Mara nyingi adui si papa, ni nanga na nyavu za wavuvi. Februari 2012, meli iliyokuwa inangoja kuingia bandari ya Mombasa iliangusha nanga pasiporuhusiwa, ikakata TEAMS, ile kebo yetu ya kwenda Fujairah iliyofika 2009. Somalia 2017 ilikuwa mbaya zaidi: nanga moja ya meli ya kontena, na kusini mwa nchi ikakosa net kama wiki tatu. Kwa watu wa Wajir hiyo haikuwa habari ya mbali, nusu ya familia iko upande ule.

Lakini tusidanganyane, Griftu si kila kukwama ni bahari. Milingoti imelipuliwa mara kadhaa Wajir, Mandera na Garissa, na ikilipuliwa hata kupiga simu ya kawaida huwezi. Kuna njia rahisi ya kucheki. Kompyuta za M-Pesa zilikuwa Ujerumani mpaka 2015, zikaletwa Kenya. Kwa hivyo siku WhatsApp ikigoma, tumia mtu shilingi kumi. Ikipita na picha ya ngamia bado iko na tiki moja, huenda kuna watu Cape Town wanapakia kebo.