Muuguzi anapokuwa pia mtoza pesa

Katika shule za uuguzi za Kongo, kuanzia ITM za sekondari zinazotoa wauguzi wa ngazi ya A2 hadi ISTM, vyuo vinavyotoa wa A1 na A0, mwanafunzi hukaririshwa mahitaji 14 ya Virginia Henderson, yule muuguzi wa Marekani: kupumua, kula na kunywa, kulala, kujisafisha, kuzungumza na wenzake, kuishi kwa imani yake, na mengineyo. Siku ya mtihani huyataja bila kukwama. Kisha anapangiwa kituo cha afya Kalebuka au Kasungami, katika komini ya Annexe inayozizunguka komini nyingine sita za Lubumbashi. Huko hukabidhiwa fishi ya mgonjwa yenye nafasi ya joto, uzito, presha, jibu la kipimo cha malaria na dawa. Kuhusu usingizi wa mgonjwa, imani yake au nani anampikia, hakuna mstari.

Wengi wakisikia habari ya huduma inayomweka mgonjwa katikati hudhani ni suala la upole. Upole ni mzuri, lakini mtu anaweza kuhudumiwa kwa tabasamu na bado asiulizwe chochote. Chukua mama mwenye presha. Anaambiwa apunguze chumvi, anaitikia “Ndiyo, dokta” (kwetu kila aliyevaa blauzi nyeupe ni dokta), anaondoka. Mwezi unaofuata presha iko palepale, na kwenye fishi anaandikwa kuwa hafuati masharti. Laiti muuguzi angemuuliza, “Mama, ku nyumba munakulaka nini?” angejibiwa: bukari (ugali) na makayabu. Samaki huyo wa chumvi anakaa bila friji, na nyumba nyingi za Annexe hazina friji wala umeme wa kutegemea. Hapo ushauri unabadilika: makayabu yalowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili tatu, na mchuzi usiongezwe chumvi wala kibe, kile kiungo cha mchemraba. Na kama mpishi ni mkwe wake, basi mkwe ndiye wa kuitwa siku ya miadi.

Mazungumzo hayo huchukua dakika chache. Kwa nini basi hayafanyiki? Jibu la haraka ni uchache wa wauguzi, na ni kweli: infirmier titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, huyohuyo ndiye anayepima wagonjwa, anayelinda friji ya chanjo, anayezalisha na anayejaza ripoti ya mwezi. Lakini naona kuna kizuizi kikubwa zaidi, nacho ni pesa.

Tangu Mpango wa Bamako wa mwaka 1987, nchi nyingi za Afrika ziliachia vituo vya afya vijiendeshe kwa sehemu kwa malipo ya wagonjwa. Nchini Kongo, malipo hayo yakawa nguzo. Wauguzi wengi bado wanaitwa “nouvelles unités”: wako kazini, lakini hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wanachopata ni primu, yaani sehemu yao ya kilichobaki kwenye kasha mwisho wa mwezi. Kwa hiyo anayetakiwa kumsikiliza mgonjwa ndiye huyohuyo anayeishi kwa bei ya fishi, ya labo na ya sindano.

Mgonjwa si mjinga, anajua. Kila swali analisikia kama utangulizi wa bili, naye hujibu kwa kujihami: maumivu anayapunguza, dawa alizokwisha kunywa nyumbani anazificha. Upande wa pili yuko anayedai seramu kwa sababu anaamini ugonjwa hauponi bila chupa kuning’inia. Muuguzi akimpa, anaweza kujitetea kwamba ameheshimu matakwa ya mgonjwa, na kasha nalo limenona. Huko si kumsikiliza. Kumsikiliza ni kumuuliza anaogopa nini hata adai chupa, kisha kumweleza kwa nini vidonge vinamtosha.

Bili ikishindikana, mambo huwa mabaya zaidi. Mwaka 2019 Karen Cowgill na Abel Mukengeshayi Ntambue walichapisha utafiti juu ya akina mama waliozuiwa katika hospitali moja kubwa ya Lubumbashi, pamoja na watoto wao wachanga, kwa kukosa pesa za kulipa. Muuguzi wa wodi hapo anageuzwa mlinzi wa mlango, na hakuna mafunzo ya mawasiliano yatakayofuta hilo.

Dawa ninayoiamini zaidi ni malipo ya jumla: bei moja kwa ugonjwa mzima, inayotajwa kabla ya huduma, vipimo na dawa ndani yake. Baadhi ya zone za afya nchini zimeitumia. Sindano ya ziada haimwongezei muuguzi kitu, na mgonjwa hahesabu kila neno. Ina hatari yake, maana kituo kinaweza kubana dawa, kwa hiyo inahitaji ruzuku na usimamizi.

Familia nayo husemwa kuwa kikwazo: mjomba anaamua, mgonjwa ananyamaza. Mimi sikubali. Anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, anayepika, anayeosha na anayetafuta pesa ni sehemu ya matibabu. Ila yapo maswali ya faragha, kama ya uzazi wa mpango, virusi vya ukimwi au kupigwa nyumbani. Kituo chenye pazia badala ya mlango hakina siri. Muuguzi mzoefu humtuma ndugu apange foleni ya kasha, na dakika hizo huzitumia.

Hata kupokezana zamu kunaweza kubadilika bila gharama. Kwa kawaida husemwa: kitanda cha tatu, malaria kali, artesunate ya kwanza saa nne asubuhi, ya pili saa nne usiku. Ongeza sentensi moja: ana mtoto anayenyonya, amemwacha kwa jirani. Wa zamu ya usiku asiyeambiwa hilo atamkuta mgonjwa anafunga kitenge aondoke, atamwita mkaidi. Aliyeambiwa atakuwa amekwisha kupanga na shangazi amlete mtoto wodini, ili mama asubiri sindano ya tatu saa nne asubuhi.