Usilale Chumba Kimoja na Betri Inayochajiwa



Zamani hapa Kyela betri ilikuwa kitu cha redio na tochi. Siku hizi mambo yamebadilika. Wavuvi wa usiku hutumia taa za betri. Pikipiki na bajaji za umeme nazo zimeingia Tanzania. Mwenye pikipiki ya namna hiyo hanunui petroli. Jioni huchomeka chaja kwenye soketi, na asubuhi betri imejaa.

Hiyo ni faida. Lakini chaja ikifungwa vibaya inaweza kuua mtu au kuchoma nyumba. Leo tutaeleza hatari hizo na namna ya kuzizuia.

Hatari ya moto

Umeme wa nyumbani una volti 230. Chukua wati zinazotumiwa na chaja, uzigawe kwa 230. Jibu ni ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Chaja ya wati 1,150 hupitisha ampea 5. Hiyo ni sawa na taa 115 za wati 10 zikiwaka kwa pamoja. Tena chaja haifanyi kazi dakika chache kama birika la umeme. Inafanya kazi kwa saa nyingi.

Umeme huo ukipita kwenye waya mwembamba wa taa, au waya uliounganishwa ovyo kwa mkono, waya hupata joto. Joto huyeyusha plastiki. Nyaya zikigusana, moto huwaka. Mara nyingi wakati huo watu wamelala.

Hatari ya maji

Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika. Mwili wenye maji hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mwili mkavu. Mtu akisimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, kisha akashika chaja inayovuja umeme, umeme utapita mwilini mwake kwenda ardhini. Moyo wake unaweza kusimama.

Waya wa ardhi husaidia kuzuia jambo hilo. Waya huo una rangi ya kijani na njano. Umefungwa kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Chaja ikivuja, umeme hupita humo, na kikata umeme hujizima.

Hatari ya betri yenyewe

Betri za aina ya risasi, zenye maji ya asidi, hutoa gesi zinapochajiwa. Gesi hiyo hulipuka ikikutana na cheche, kiberiti au koroboi. Betri za lithiamu hazina maji hayo. Lakini zikiharibika huwaka ghafla na kutoa moshi wenye sumu.

Tufanye nini?

1. Mwite fundi umeme mwenye leseni. Mwambie afunge soketi ya chaja peke yake, yenye waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, waya wa ardhi, na kifaa kinachokata umeme unapovuja.

2. Soketi iwe juu, mahali ambapo maji ya mafuriko hayafiki.

3. Usifungue soketi kwa kalamu au kijiti ili kuingiza plagi ya miguu miwili. Nunua plagi inayofaa.

4. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa betri hiyo. Chaja ya betri ya risasi isitumike kwa betri ya lithiamu.

5. Chajia mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko, petroli, kitanda na watoto. Usizibe mlango wa kutokea.

6. Chaji ukiwa macho. Betri ikijaa, zima soketi, kisha chomoa.

7. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyozama majini isichajiwe. Iweke nje, mbali na nyumba, umwite fundi.

Ajali ikitokea

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kubwa kwanza. Usipoweza kuizima, simama mahali pakavu, umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, mlaze chali, kandamiza katikati ya kifua chake kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali.

Asidi ikimwagikia ngozi au macho, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi. Usipake mafuta. Kisha nenda kwenye zahanati.

Betri ikiwaka moto, toeni watu wote nje. Usirudi ndani kuokoa pikipiki. Pikipiki hununuliwa tena, lakini mtoto hanunuliwi.

Gharama ya fundi na waya mzuri ni kubwa, tunajua. Anayeendesha pikipiki kutoka Kyela mjini hadi Ipinda au Matema hutafuta fedha kwa jasho. Lakini waya huo ni sehemu ya bei ya pikipiki. Uuhesabu kabla hujanunua.

Maswali ya kujadili darasani

1. Chaja ya wati 690 hupitisha ampea ngapi kwenye umeme wa volti 230?

2. Kwa nini ni hatari kushika chaja ukiwa umelowa mvua?

3. Katika nyumba yako, ni mahali gani panafaa kuchajia betri? Kwa nini?